Mawe ya mizani ya Burma yenye sura ya bata na simba: nani kasema ni ya afyuni?

#1 Broka_Mirerani
Wakuu, salaam. Shughuli za vito hunipeleka Bangkok, na mara nyingine Mae Sot, pale mpakani mwa Thailand ambapo mawe ya Burma, Myanmar ya leo, huvukia. Huko ndiko nilikoambukizwa ugonjwa wa kukusanya mawe ya mizani ya kale. Ni ya shaba iliyochanganywa na bati na risasi, yamesubiwa kwa kalibu ya nta, na kila moja ni mnyama aliyekaa juu ya kitako. Ama ni ndege wa jamii ya bata bukini, wenyewe wanamwita hintha, ama ni dude lenye uso kati ya simba na ng'ombe. Dogo kabisa linaenea kwenye ukucha wa dole gumba. Kubwa linazidi kilo moja na nusu na lina mshikio uliopinda kupita juu ya mgongo wa mnyama.

Sasa hoja. Kila muuzaji anayaita mawe ya afyuni. Mtalii akisikia afyuni macho yanamtoka, bei inapanda. Mimi nasema huo ni uongo wa dukani. Burma haikuwa na sarafu yake mpaka mfalme Mindon alipofungua kiwanda Mandalay mwaka 1865, na mashine zikatoka Birmingham, ikatoka ile sarafu ya fedha yenye tausi. Kabla ya hapo fedha ilikatwa vipande na kupimwa. Unanunua kitambaa, unalipa deni, unatoa mahari, mizani inatolewa kwanza. Mawe haya yalipima kila kitu.

Swali langu kwa wajuzi: kwa nini wanyama? Na kwa nini walewale wawili watatu, nchi nzima, karne hadi karne?

#2 Mla_Bata_Mtaalamu
Wenzetu wanapima fedha kwa bata, sisi tunapima bata kwa fedha. Nimekaa siti ya dirishani, endeleeni.

#3 Sonara_Mkunazini
Jibu jepesi hilo, nalitoa kama mtu aliyezaliwa juu ya mizani. Jiwe la duara au la pembe nne unalipitisha tupa pande zote, unalipunguza kidogo kidogo, wala hakuna atakayejua. Sasa mkate bata mdomo uone. Mkia ukipungua unaonekana, sikio la simba likipungua linaonekana. Umbo la mnyama ni ulinzi wa mnunuzi.

#4 Pori_la_Historia
Sonara #3, hoja yako ni tamu lakini mwizi hagusi mdomo, anageuza jiwe na kutoboa kitakoni. Wala si lazima apunguze. Kuna mawe mengi tu yenye tundu chini lililozibwa kwa risasi, na hapo hujui kama ni fundi aliyekuwa akirekebisha uzito au ni mchuuzi aliyekuwa akiongeza.

Hintha ni nembo. Wamon wa kusini, mji wao mkuu Bago, wana hadithi kwamba Buddha alipita eneo lile likiwa bado bahari, akaona hintha wawili juu ya kisiwa kidogo mno. Nafasi ilikuwa ya mmoja tu, kwa hiyo jike akakaa mgongoni kwa dume. Hapo ndipo Bago ilipokuja kujengwa. Mpaka leo sanamu ya ndege hao wawili wamebebana ndiyo alama ya mji. Kwa hiyo jiwe lenye hintha maana yake ni "serikali imelipitisha", basi.

#5 Mla_Bata_Mtaalamu
Kumbe dume kubebeshwa mzigo kulianza zamani.

#6 Broka_Mirerani
Pori #4, hapo kuna shimo. Alaungpaya, Mburma, aliiteka Bago 1757 na kuivunja. Kama hintha ni nembo ya Wamon, kwa nini ukoo wa Konbaung uliowashinda uliendelea kusubu ndege yuleyule kwa zaidi ya miaka mia? Ukimshinda adui unaweka picha yake kwenye mizani yako?

#7 Pori_la_Historia
Sisi tulipopata uhuru tulibadilisha pishi na kibaba sokoni? Watu wameshazoea. Mfalme mwenye akili hagusi kipimo ambacho wauza mchele wanakiamini.

#8 Mwana_wa_Keya
Wadau hamjambo, niko Machakos. Uzi huu umeniamsha. Babu yangu alikuwa Keya, yaani askari wa KAR, jeshi la Mwingereza huku kwetu, alipigana Burma, na katika vitu alivyoacha kuna ndege wa shaba mwenye kitako cha pembe sita hivi. Tangu utoto tuliambiwa ni "kuku wa Bama" na mama alikuwa anamweka juu ya karatasi zisipeperushwe na upepo. Babu alisema aliipata Mandalay. Nitaleta picha jioni. Hii inaweza kuwa kitu?

#9 Tajiri_Mtarajiwa
Mkuu wa Machakos, kabla hujaleta picha, kiweke karibu na mchele. Kinavuta? Kama kinavuta nipigie mimi kwanza, nina mteja wa Kihindi.

#10 Sonara_Mkunazini
Haya, watu wa rupia za Mjerumani, wale matapeli wa madini yanayovuta mchele, wameshafika. Ndugu, shaba haivuti mchele, haivuti sumaku, haina zebaki nyekundu ndani. Watu wameuza viwanja kwa ajili ya upuuzi huo.

#11 Askari_Mstaafu
Marekebisho kwa #8, kwa heshima ya mzee. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw mwaka 1944 wakati wa masika, matope mpaka magotini, malaria inaangusha watu. Ikafika Kalewa, ukingoni mwa mto Chindwin, mwanzoni mwa Desemba. Hapo ilipumzishwa na kurudishwa nyuma kuelekea India. Mandalay haikuingia. Brigedi ya 28 ndiyo iliyosonga mbele na kupigana ukingo wa magharibi wa mto Irrawaddy mapema 1945, lakini hata hiyo ilikuwa kusini mbali na Mandalay. Mzee aliipata kijijini, au kambini India kwa mchuuzi.

#12 Mwana_wa_Keya
Asante mzee. Inawezekana kwake mji wowote wa kule ulikuwa Mandalay, kama vile hapa nyumbani kila mzungu alikuwa DC. Hata Nairobi tuna Burma Market na sidhani wachuuzi wa nyama pale wanajua Kalewa ni wapi.

#13 Mswahili_Matrah
Salaam kutoka Muscat. Tuzungumze namba, maana mnazunguka. Kipimo cha Waburma kinaitwa kyat, wageni walikiita tikali, ni karibu gramu 16.3. Tikali 100 ni peittha moja, wageni wakaiita visi, karibu kilo 1.63. Waingereza walipohesabu wakaona visi moja ni sawa na tola 140. Na tola ndiyo hii ya gramu 11.66 ambayo masonara wa Ghuba na Bara Hindi wanaitumia mpaka kesho.

Seti kamili ya mawe hupanda 1, 2, 5, 10, 20, 50, 100, na chini kuna nusu na robo. Ukiweka kwenye mizani ya kidijitali, jiwe la 5 lije karibu na gramu 81, la 20 karibu na 326. Likija tofauti sana, ongea na muuzaji kwa upole kisha ondoka.

Na zingatieni: visi 10 ni kilo 16.3. Frasila ya karafuu Unguja ni ratili 35, karibu kilo 15.9. Mnaona ninachokiona?

#14 Broka_Mirerani
Aisee! Hiyo si bahati tu. Bahari ni moja. Vipande vya mitungi mikubwa ya Martaban, bandari ya Wamon hiyohiyo, vimechimbuliwa kwenye magofu ya pwani yetu. Mtungi ulifika, kipimo kitashindwaje?

#15 Sonara_Mkunazini
Msipande farasi bila hatamu. Frasila haikuwa moja. Kila bandari ilikuwa na yake, ya pembe ilipishana na ya karafuu, na jina lenyewe limetoka Uarabuni, si Burma. Kilo kumi na sita ni mzigo wa mtu mmoja kuinua bila kuumia kiuno, popote duniani. Na hesabu ya ndani haifanani hata kidogo: sisi wakia 16 kwa ratili, wao wanakwenda kumi kumi.

#16 Mswahili_Matrah
Wanakwenda kumi kumi juu tu. Shuka chini ya tikali uone: tikali moja ina pe 16, na jumla yake ni ywe 128. Ywe ni mbegu. Ile nyekundu yenye doa jeusi, ya mtipitipi, watoto wetu wanachezea. Mafundi dhahabu wa Burma walipimia hiyo. Kwa hiyo kumi na sita ipo, imejificha chini ya bata.

#17 Dhahabu_ya_Kivu
Jambo wandugu, niko Bukavu. Huku kwetu dhahabu bado inahesabiwa kwa tola, na kwenye machimbo utaona mtu anaweka njiti ya kiberiti upande mmoja wa mizani, ao kipande cha pesa ya zamani. Mimi sioni ajabu ya mbegu. Ajabu ni mutu kusubu simba mwenye meno na kucha ili apime chumvi.

#18 Pori_la_Historia
Wa Kivu umegusa penyewe. Kazi ile ni kubwa mno kwa kitu cha sokoni. Kila jiwe la nta linachongwa upya, kalibu inavunjwa, hakuna mawili yanayofanana sawasawa. Ndiyo maana narudia: ni amri ya juu, si ubunifu wa mchuuzi. Mawe mengi yana muhuri kwenye kitako, alama ndogo kama ua au jua lenye miale.

#19 Bi_Mkubwa_Tanga
Nimesoma kimya, sasa niulize. Waburma wanafuata siku za kuzaliwa, kila siku na mnyama wake. Jumanne ni simba. Haiwezi kuwa jiwe la simba lilitumika sokoni siku ya Jumanne, au mwenye duka alichagua la siku yake?

#20 Broka_Mirerani
Bi Mkubwa, shikamoo. Nilipenda sana hiyo hoja nilipoisikia mara ya kwanza. Lakini Jumatatu ni chui milia, Alhamisi ni panya, Ijumaa ni pimbi wao mdogo asiye na mkia. Mawe ya panya yako wapi? Na hintha mwenyewe hayumo katika siku hizo. Tembo yumo, siku ya Jumatano, na mawe ya tembo yapo, ila ni adimu na mengi yanatajwa upande wa Lan Na, kaskazini mwa Thailand ya leo, na Laos.

#21 Bi_Mkubwa_Tanga
Marahaba. Basi panya walijua walichokifanya, hakuna anayetaka panya kwenye mizani ya mchele.

#22 Mtaalamu_wa_Mashaka
Turudi kwenye afyuni, maana mleta mada amepita haraka. Umesema uongo wa dukani. Hebu taratibu. Afyuni ilikuwepo, milima ya Washan imelima afyuni, na baada ya Waingereza kuchukua pwani 1826 na Rangoon 1852 iliuzwa kwa leseni ya serikali. Mtu mwenye mizani na mawe ya robo tikali angepimia nini kitu cha thamani kama hicho? Kwa kidole? Huwezi kusema yalipima kila kitu halafu useme hayakupima afyuni.

#23 Broka_Mirerani
Sijasema hayakupima. Nasema si kazi iliyoyaumba. Bodawpaya, aliyetawala 1782 hadi 1819, aliweka adhabu ya kifo kwa afyuni, na mawe yake yalikuwa bado na wanyama. Mfalme atoe muhuri kwa kitu anachochinjia watu? Zaidi ya hapo, nani anapima afyuni kwa jiwe la kilo 1.6 lenye mshikio?

#24 Mtaalamu_wa_Mashaka
Muuzaji wa jumla.

#25 Mla_Bata_Mtaalamu
Hahahaa, #24 funga uzi.

#26 Msoma_Sarafu
Mimi nina kijembe kwa #1. "Burma haikuwa na sarafu mpaka 1865" si kweli kwa nchi nzima. Wapyu, watu wa kale wa kulekule, walikuwa na sarafu za fedha zaidi ya miaka elfu moja kabla. Arakan, ufalme wa pwani ya magharibi, ilitoa zake, nyingine zina maandishi ya Kiajemi, hadi Bodawpaya alipoimeza mwishoni mwa miaka ya 1700. Na huyo Bodawpaya mwenyewe alijaribu kutoa sarafu, watu hawakuzizoea. Sema ufalme wa Waburma wenyewe, ule wa miji mikuu ya Ava na Mandalay, ulirudi kwenye vipande vya fedha.

#27 Broka_Mirerani
Imepokelewa. Ila unanisaidia: sarafu zilijaribiwa zikakataliwa, bata akabaki.

#28 Msoma_Sarafu
Au walikataa kwa sababu mfalme alizipa thamani kubwa kuliko fedha iliyomo. Mtu mwenye mizani hadanganyiki kirahisi. Na fedha yenyewe ilikuwa na madaraja, kulikuwa na watu kazi yao kuikagua usafi na kula asilimia. Uzito ni nusu tu ya hesabu.

#29 Kwame_wa_Kinondoni
Kwa nini tunakwenda Asia wakati Ghana wapo? Waasante walipima vumbi la dhahabu kwa mawe ya shaba yenye sura za mamba, samaki, watu, ndege anayegeuza shingo nyuma. Nao walisubu kwa nta.

#30 Pori_la_Historia
Hakuna anayewanyima Waasante chao, lakini angalia tofauti. Wao sura ni mamia, na nyingi zinabeba methali, tajiri anaagiza yake. Burma sura ni chache na zinarudiwa kwa kila ukubwa. Kwa Waasante jiwe linazungumza habari za mwenye mali, kwa Waburma linazungumza habari za mwenye enzi.

#31 Kwame_wa_Kinondoni
Au Waburma hawakuwa na methali.

#32 Mteja_Aliyelizwa
Wakuu naomba tufike kwenye fedha. Mimi nilinunua seti nzima mtandaoni, ndege kumi, wamepangwa kutoka mkubwa hadi mdogo kwenye sanduku la mbao lenye mizani yake. Muuzaji, simtaji, aliandika karne ya 18. Nimepigwa?

#33 Broka_Mirerani
Sanduku la mbao lenye seti iliyokamilika na wote wana rangi moja? Pole. Mandalay kuna mtaa mzima wa wasubu shaba, Tampawadi, wanafanya sanamu za Buddha na kengele kwa ustadi wa hali ya juu, na mawe ya mizani ya kuuzia wageni yanatoka kwenye tanuri hizohizo na nyingine za Thailand. Si dhambi, mradi yauzwe kama mapya.

Mimi nafanya hivi. Kwanza napima. Bandia nyingi hazijali tikali, unakuta gramu 70, 110, 190, namba zisizo na mwenyewe. Pili naangalia palipochakaa. Jiwe lililoshikwa miaka mia limelainika mahali vidole vinapokaa: kifuani kwa ndege, kichwani, ukingo wa kitako. Kwenye mifereji ya mbawa, ambako kidole hakifiki, mistari bado ni mikali. Jiwe lililochakazwa kwa mashine limelainika kila mahali sawasawa, hata chini ya mkia. Tatu nageuza. Chini pawe na mikwaruzo ya kwenda kila upande, ya kuburutwa mezani na kwenye sahani ya mizani. Mikwaruzo yote ikielekea upande mmoja, hiyo ni msasa.

Wote wa sanduku lako wapige picha kitakoni.

#34 Mteja_Aliyelizwa
Nimegeuza. Upande mmoja.

#35 Mla_Bata_Mtaalamu
Umekula bata kwa hasara.

#36 Sonara_Mkunazini
#33 kasema kweli, mie naongeza sauti. Ligonge taratibu kwa ukucha. La zamani lenye bati la kutosha linalia kidogo, la kisasa lililojazwa risasi linasema "tup". Tena tazama kutu. Ya kweli imeng'ang'ania, ukiikwangua kwa sindano haitoki vumbi. Ya kupakwa inatoka na kunuka dawa.

#37 Mtaalamu_wa_Mashaka
Hoja ya sauti ninaikataa. Bata mwenye mwili mzito hawezi kulia hata akiwa wa mfalme mwenyewe. Kengele inalia kwa sababu ina uwazi.

#38 Sonara_Mkunazini
Njoo dukani nikusikilizishe.

#39 Mswahili_Matrah
Kabla hamjaanza kununua kwa wingi: Myanmar ina sheria ya 2015 ya kulinda vitu vya kale, na umri unaohesabiwa ni kuanzia miaka 100. Mawe haya, baada ya Waingereza kumtoa mfalme wa mwisho, Thibaw, Novemba 1885 na kumpeleka uhamishoni Ratnagiri, India, yalipoteza kazi, yakaja mawe ya chuma ya serikali yao. Kwa hiyo jiwe la kweli karibu lote limeshavuka miaka 100. Yaliyotoka zamani yako Ulaya na Bangkok, hayo ni habari nyingine. Kulipitisha leo uwanja wa ndege Yangon mfukoni ni kujitafutia balaa.

#40 Mwana_wa_Keya
Jioni imefika. Nimeweka picha nne. Nimempima kwenye mizani ya duka la dawa: gramu 157. Kitako pembe sita, muhuri umefifia, kuna kijani shingoni na chini ya mbawa. Ukingo mmoja wa kitako umemeguka.

#41 Broka_Mirerani
Weee! Hilo ni jiwe la 10. Linatakiwa 163. Gramu 6 ndizo zimo kwenye hicho kipande kilichomeguka. Usiuze.

#42 Mtaalamu_wa_Mashaka
Kipande kwenye picha ni kama nusu ya punje ya hindi. Hakifiki gramu 6 hata kidogo. Ama mchuuzi wa zamani alikuwa mwizi, ama ni bandia la miaka ya 1940, maana askari walikuwa wateja wazuri.

#43 Pori_la_Historia
Ama tikali ya wakati huo ilikuwa nyepesi. Mnang'ang'ania 16.3 kama imeshushwa kutoka mbinguni, ilhali hiyo ni hesabu ya Waingereza ya mwisho. Mawe ya zamani zaidi hayakubaliani. Gawanya 157 kwa kumi upate 15.7. Kwangu huyo ni mzee kuliko Konbaung.

#44 Msoma_Sarafu
Kwa hiyo likiwa zito ni la kweli, likiwa jepesi ni la kale zaidi. Pori, wewe ungefaa kuuza vitu Bangkok.

#45 Sonara_Mkunazini
Kijana wa Machakos, lolote liwalo, usilisugue. Kutu hiyo ya kijani ndiyo cheti chake.

#46 Mwana_wa_Keya
Mmechelewa. Nimempigia mama sasa hivi, anasema alikuwa anamsugua kwa ndimu na majivu kila Krismasi, aliacha miaka ya karibuni tu mikono ilipoanza kumuuma.

#47 Mtaalamu_wa_Mashaka
Basi kijani unachokiona shingoni kimeota miaka ya karibuni, na ulaini wa kifuani ni majivu ya mama yako. Tumebaki na gramu 157 na muhuri uliofifia. Piga picha ya muhuri kwa mwanga wa pembeni, usiku, taa zote zimezimwa isipokuwa tochi ya simu.